Mpaka Niseme Geuza

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Wifi yangu naye hajambo, na tumbo linaendeleaje? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi za hospitali.

Nimeujaribu tena ule ukurasa wa mtandaoni wa kuchagulia zamu, kwa anwani ya kujaribia uliyonitumia Februari. Januari nilikulalamikia mpaka ukaniita redio mbovu, basi leo acha nikusifu. Ule ugonjwa wake wa kujipakia upya kila nusu dakika umepata dawa. Juu kabisa kuna kitufe, "Simamisha". Nilikibonyeza, ukurasa ukatulia tuli. Kasuku wangu, ile programu inayonisomea kompyuta kwa sauti, akashuka mstari kwa mstari mpaka kwenye zamu za meza ya simu, bila kurudishwa mwanzo hata mara moja. Orodha ikibadilika ananiambia, halafu mimi mwenyewe ndiye ninayeamua lini niipokee mpya.

Nikakumbuka meza ya jikoni. Ulipokuwa mdogo nilikusomea vitabu, na sikugeuza ukurasa mpaka useme "geuza". Macho yangu yalipozimika ukanisomea wewe, na hukugeuza mpaka niseme mimi. Nilijua hujasahau.

Msimamizi ametangaza kwamba kuanzia Aprili zamu zote zitachaguliwa humo. Asiyechagua ndani ya siku tisa za mwanzo atahesabiwa ameacha kazi. Kwa hiyo barua uliyoomba nimeitia sahihi, kwamba sisi tusioona tumeujaribu ukurasa na unatufaa. Shangazi wa Simu, mwenzangu wa meza ya pili ambaye naye haoni, ametia yake pia. Hakuujaribu hata kidogo. Aliniuliza tu, "Ni kazi ya mdogo wako?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi nipe kalamu."

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, na wifi yako anakula kwa niaba ya watu watatu ingawa daktari amehesabu wawili.

Barua yenu imepokelewa. Bosi ameipiga picha na kuionyesha ofisi nzima. Bila hizo sahihi mbili hospitali isingeukubali ukurasa, kwa hiyo mkate wangu wa mwaka huu umeuoka wewe.

Kuhusu kitufe usiwe na wasiwasi. Hakiondoki. Kikiondoka, na mimi naondoka.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Nyumbani wote salama? Mimi sijambo mwilini.

Kitufe hakipo. Nimekitafuta juu, chini na pembeni. Tangu tarehe mosi nakaa mbele ya kompyuta ya mapokezi, Kasuku anaanza, "Karibu kwenye mpangilio wa zamu," anashuka mistari kumi na mbili, halafu ukurasa unajipakia na yeye anarudi juu, "Karibu kwenye mpangilio wa zamu." Zamu za meza ya simu ziko mstari wa thelathini na nne. Jana nilikaribishwa mara arobaini na hakuna aliyenipa kiti.

Nilimwomba karani anichagulie. Alikuwa na foleni ya wagonjwa hadi mlangoni, akabonyeza mbio mbio, na sasa nimeandikwa chumba cha kufulia mashuka. Kuifuta ni lazima nifike mstari huo huo.

Najua ni kitu kimesahaulika tu. Kirudishe leo, tafadhali. Shangazi naye anahangaika.

Dada yako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijapata jibu. Nimepiga simu mara sita. Wifi amepokea ya sita akasema uko bafuni, nami nikakusikia ukikohoa karibu yake. Kazi yangu ni kusikiliza simu.

Mwisho ni kesho.

Dada yako

15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani sana, kazi zimenizidi. Kuna hitilafu kidogo kwenye mtambo na mafundi wanaishughulikia. Natumaini mlipata mtu wa kuwasaidia. Goti linaendeleaje?

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo. Goti linaendelea vizuri, maana sipandi ngazi tena. Tarehe kumi mimi na Shangazi tuliambiwa tusubiri nyumbani mpaka uongozi ukae kikao; ile zamu yangu ya kufulia haikuhesabiwa, maana si ya meza yangu. Shangazi amerudisha ufunguo wa kabati lake.

Nilikwenda kwa msimamizi kulalamika. Hakubisha. Alifungua faili akanisomea barua yangu mwenyewe kwa sauti, "Tumeujaribu ukurasa na unatufaa." Halafu akauliza, "Hii si sahihi yako?" Nimepokea simu za hospitali ile miaka kumi na minane, za vifo na za wazazi wenye uchungu, na zote nilizijibu. Siku hiyo nilisema tu, "Ni yangu," nikashika njia ya nyumbani.

Jana nikaikumbuka ile anwani uliyonitumia Februari ya kujaribia. Nikaifungua. Kasuku akasema, "Simamisha. Kitufe." Nikabonyeza, na ukurasa ukatulia kama siku ile ile.

Kwa hiyo hakuna hitilafu. Kuna kurasa mbili. Mmoja wa watu wote, na mmoja ulionitengenezea mimi nitie sahihi. Niambie kama nimekosea. Naomba mno niwe nimekosea.

Dada yako

24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hukukosea.

Bosi alikikataa kitufe tangu Januari. Alisema watu watasimamisha ukurasa, wakae na orodha ya zamani, halafu wagombanie zamu ambazo zimeshachukuliwa. Nilimweleza kwamba mtu anaweza kuarifiwa mabadiliko na kuachiwa achague mwenyewe, kama ulivyonifundisha. Akasema hiyo ni kazi ya wiki tatu kwa ajili ya watu wawili. Lakini hospitali ilidai sahihi za wasioona. Ndipo nikatengeneza nakala yako.

Nilidhani mtapata mtu wa kuwachagulia. Nilidhani ni dakika tano tu kwa mwezi.

Dada, nakuomba usiifute sahihi. Nakala ile ina jina langu, si la bosi. Nitafukuzwa, na mtoto anazaliwa Juni. Nitakutafutia kazi nyingine, nakuapia. Wewe ndiye uliyenilea.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo. Msalimie wifi.

Nimekaa na barua yako siku nane. Kilichoniuma zaidi si kazi. Ni kwamba ulijua hasa kitufe kikae wapi, kiitwe nini na Kasuku akisome vipi. Ulikitengeneza vizuri kabisa, kwa mapenzi unaweza kusema, ili unidanganye nacho. Mgeni asingeweza.

Umesema nilikulea. Nilikulea, ndiyo. Ingekuwa mimi peke yangu ningemeza, maana nimekumezea mengi. Lakini Shangazi wa Simu alitia sahihi kwa kukuamini wewe, bila kuuliza swali la pili, na sina uso wa kumkabili.

Nimeandika barua ya uongozi na sijaipeleka. Hii hapa:

"Ninaifuta sahihi yangu. Ukurasa tulioujaribu si huu mnaoutumia. Anwani zote mbili nimeziambatanisha, mtajionea. Huenda aliyeutengeneza hakujua madhara yake. Naomba Shangazi arudishwe kazini kwanza, kabla yangu, na ukurasa uwekewe kitufe cha kuusimamisha."

Kikao ni tarehe kumi na mbili. Mimi nilipewa siku tisa na ukurasa usiotulia. Nami nakupa siku tisa, na ukurasa uliotulia. Usome kwa mwendo wako. Hautakurudisha juu. Ukimaliza, unajua tulikuwa tunasema nini mezani. Usiposema, nitaipeleka hata hivyo, ila nitakuwa nimejua mdogo wangu aliishia wapi.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma mara nne.

Kuna kosa moja. Umeandika "Huenda aliyeutengeneza hakujua". Nilijua. Rekebisha hapo.

Halafu geuza.

Mdogo wako