Whiski ya Mfalme na Mpishi wa Butere

Doha, 3 Februari 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kisiwani The Pearl. Mimi ni mzima. Goti lako linaendeleaje? Mdogo wangu Ann alinitumia picha yako ukiwa na sare ya Umoja wa Akina Mama wa kanisani, nikawaringia wote kazini.

Nina habari. Hoteli yetu imeletewa whiski iliyotengenezwa Uskoti kuadhimisha kutawazwa kwa mfalme wa Uingereza. Chupa mia tatu tu dunia nzima, na moja iko kwetu, ndani ya kabati la kioo. Salim, mlinzi wetu kutoka Unguja, hajawahi kuonja tone maishani, lakini anavyoilinda utadhani mfalme mwenyewe amelala mle ndani. Mwezi ujao itafunguliwa mbele ya wageni, na mhudumu mmoja tu ndiye atakayeimimina. Tutajaribiwa kwa pua. Mama, pua ninayo, na unajua nilikoitoa. Wakiniuliza, nataka kusema ukweli. Naomba baraka yako.

Mwanao, Bella

Butere, 11 Februari 2024

Binti yangu Bella,

Bwana asifiwe. Goti ni lile lile. Ann ataipiga picha barua hii akutumie, na najua ataisoma, basi asome.

Baraka ya kazi unayo. Ile nyingine huna. Nilipika chang'aa, pombe ile ya magendo, ukasoma, nikaokoka, nikalitoboa pipa mbele ya mchungaji, yakaisha. Leo mimi ni mwenyekiti wa akina mama. Ukiitaja huko, itafika hapa kabla ya Jumapili. Sema ulisomea chuoni.

Mama yako

Doha, 16 Machi 2024

Mama,

Natumai hujambo. Mimi sijambo, ila nimekukosea.

Tulijaribiwa watano, kwa whiski nyingine. Wenzangu walitaja vanila na asali, kama kitabu kilivyosema. Mimi nilitia matone mawili kiganjani, nikasugua, nikanusa kama ulivyokuwa ukifanya jikoni. Nikasema, "Shayiri, moshi kidogo, na aliyeipika hakuwa na haraka." Nikapewa kazi.

Siku yenyewe niliimimina bila kumwaga tone. Kisha mzee mmoja mwenye mvi, aliyetoka nayo kiwandani, akaniuliza mbele ya wageni wote, "Umesomea wapi?" Meneja akanikazia macho. Chuo kilikuwa mdomoni, Mama, kikakataa kutoka. Nikasema, "Kwa mama yangu Phyllis, Butere. Alipika chang'aa miaka kumi na sita." Sikuona aibu. Niliona fahari mpaka machozi yakanilenga.

Mzee hakucheka. Aliuliza, "Ile ya kwanza kutoka, yenye sumu, alijuaje imeisha?" Nikamwambia sijui, maana saa hizo ulikuwa ukinituma kuni. Amenipa anwani yake. Anasubiri jibu lako.

Nisamehe.

Mwanao, Bella

Doha, 9 Aprili 2024

Mama,

U hali gani? Ann ananiambia barua yangu umeiweka ndani ya Biblia. Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Bella wako

Butere, 19 Mei 2024

Bella,

Sisi tuko salama, mvua imezidi. Nilikukasirikia mpaka mahindi yakafika magotini. Kisha nikalisoma tena lile swali.

Chifu aliniuliza pipa liko wapi. Polisi waliniuliza namuuzia nani. Mchungaji aliniuliza naacha lini. Miaka kumi na sita, hakuna aliyewahi kuniuliza najuaje.

Mwandikie huyo mzee. Mwambie haipimwi kwa saa. Unakinga kidogo, unasugua kiganjani, unanusa. Macho yakiwasha, mwaga. Kinga tena, nusa tena. Pua ikikuta mahindi na si moto, bado mwaga kikombe kimoja, kwa sababu pua nayo huchoka. Mwambie kuna waliokataa kumwaga, wakaona ni hasara, na watu wakapofuka. Kwa mkono wangu hakupofuka hata mmoja.

Jumapili niliwaambia akina mama hivyo hivyo, nimesimama kwa goti hili bovu. Wawili walikohoa. Uenyekiti bado ninao.

Na ukimwandikia, jina langu liweke kamili.

Mama yako,
Phyllis, mpishi