Sanda Niliyonyimwa

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka. Hapa Mwamapalala hatujambo, ng'ombe mwekundu kazaa, na mama yako anakusalimu sana.

Unaniuliza kwa nini nang'ang'ania kiduka cha kijijini wakati supermaketi imefika Bariadi, na wewe huko Dar unaagiza kila kitu kwa simu. Eti simu haina maswali mengi. Umenikera, lakini nakujibu.

Nikiwa msichana, baba yangu aliugua mpaka wadogo zake wakakata tamaa. Wakanituma dukani ninunue sanda mapema. Mwenye duka, Mzee Masanja, alishika mkasi akauliza, "Nani kafariki?" Nikamwambia baba bado hajafa. Mkasi aliubwaga mezani.

"Mtu anapumua, mnamnunulia sanda? Mna akili kweli ninyi?"

Akafunga duka, akachukua baiskeli yake, akaja kumbeba baba mpaka hospitali. Baba akapona. Ng'ombe wa mahari yangu baba aliwapokea mwenyewe, kwa mikono yake.

Hiyo simu yako isiyo na maswali, Kabula, ingetuletea ile sanda mpaka mlangoni.

Ni mimi bibi yako, na hasira bado ninayo.