Nyekundu ya Siku ya Nne

Tashkent, 2 Mei

Mdogo wangu Sobit,

Nakusalimu wewe, shemeji Muqaddas na wote mnaozunguka masufuria ya rangi za hariri huko Margilan. Natumaini vifua havina kikohozi. Mimi nipo. Nywele zimeniaga zote, sasa nafanana na yule kuku uliyemnyonyoa vibaya siku ya harusi yangu.

Unajua dawa ya kwanza ya saratani ya kibofu ilinishinda. Hapa wanajaribu dawa mbili kwa pamoja, kwetu sisi tulioshindikana. Moja ni nyekundu kama maji ya komamanga. Nesi Zulayho alinionya kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili, kisha utasafika. Nikamwambia, binti yangu, nimepika rangi miaka thelathini na moja, nyekundu hainishtui. Akasema haya, baba fundi, basi andika mwenyewe kwenye daftari rangi ya kila siku, na ukiona damu useme, hata kama daktari atakusimamishia dawa.

Basi naandika. Nakunywa chai, naangalia ukuta. Sina huzuni wala furaha. Ni kama mikono tunapoitoa majini wakati wa baridi, ipo lakini si yako.

Sasa kaa chini. Duru ya tatu ya dawa, siku ya nne, mkojo ulikuwa mwekundu tena. Nikaandika "dawa". Siku ya tano, "dawa". Zulayho akaamini; nani abishane na fundi? Lakini nyekundu ya dawa inang'aa, inaelekea chungwa. Hii ilikuwa nzito, kahawia pembeni, kama ile mizizi yetu ya rangi nyekundu, ruyan, iliyochemshwa kupita kiasi. Ilikuwa damu, Sobit. Nilijua pale pale. Niliogopa tu kutolewa kwenye jaribio.

Ningeendelea kudanganya, ila barua yako imefika. Unatania kwamba tangu sikukuu ya Navruz umekojoa nyekundu mara mbili, eti bitiruti za Muqaddas. Nimeisoma mara nne. Mimi pia nilizisingizia bitiruti, mwaka mzima kabla ya kupimwa.

Kesho asubuhi nampelekea Zulayho daftari nikiwa nimelisahihisha. Nadhani watanitoa. Lakini ikija zamu yako, usije ukatibiwa kwa kuamini uongo wangu wa daftarini.

Panda treni ya Jumatatu, uje upimwe. Kabla hujaondoka, kojoa kwenye glasi, uitazame mchana dirishani kama tunavyotazama hariri. Kisha uniambie ni nyekundu gani. Usinidanganye, wewe nawe ni fundi.

Msalimie Muqaddas. Mwambie bitiruti zake hazina kosa.

Ni mimi kaka yako,
Hoshim