Hakuna Simu Iliyopotea

Jumanne, 8 Julai

Baridi ya kukata mifupa. Asubuhi nimefungua duka, maji ya chai hayajachemka, na tayari nimegombezwa.

Mama Gathoni, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wafugaji wa Endarasha, alipiga jana mara tatu. Sikushika. Nilikuwa stoo nyuma natoa magunia ya chakula cha ng'ombe. Kule stoo simu haipati mtandao kabisa, marehemu baba alijenga kuta za mawe kama anajenga jela. Basi Mama Gathoni akampigia Idris mwenyewe, na Idris akaja kunisomea. Mbele ya wateja. Ndugu yangu mdogo, niliyembeba mgongoni.

Ati ng'ombe akipata joto la kutaka dume hangoji. Ati nijue. Tangu baba afe mimi ndiye ninayepokea simu za ng'ombe wa joto, nakula nazo, nasali nikizifikiria, na leo nafundishwa na mtu niliyemfunga kamba za viatu! Kwa sababu amesomea udaktari wa mifugo basi mimi sijui kitu.

Lakini jambo lenyewe ni zito, hilo sikatai. Kina mama wa Endarasha wanakutana tarehe ishirini na tano kuchagua daktari mmoja wa kuwapandikizia ng'ombe wao wote mbegu. Ni sisi au yule jamaa wa Gatitu mwenye pikipiki nyekundu. Tukiwakosa, Idris anakwenda Nakuru. Kuna shamba kubwa linamtaka, mshahara kila mwezi na nyumba ya bure. Na agroveti, duka la dawa na chakula cha mifugo, bila daktari ni kibanda cha kuuza chumvi ya ng'ombe. Nimekasirika mpaka chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 10 Julai

Idris ameamua tununue simu za intaneti, zile zisizo na waya. Moja kaunta, moja stoo, moja kwenye chumba chake cha dawa. Nimemwambia mimi ndiye ninayeshika simu kwa hivyo mimi ndiye nitakayechagua. Akasema sawa. Hata hiyo sawa yake imeniudhi.

Muuzaji wa kwanza ametoka Nairobi. Viatu vimechongoka, mdomo hauna breki. Nikamuuliza, stima ikipotea? Akasema tununue betri, lakini hiyo yeye hauzi. Intaneti ikipotea? Haipotei. Nyeri hii! Akasema simu yake inafika mita mia tatu. Nikaichukua, nikaenda nayo nyuma huku naongea na Idris aliyebaki kaunta. Ukuta wa kwanza, sawa. Wa pili, Idris akaanza kukatika maneno. Penye magunia, kimya. Nikarudi na simu yake mkononi. Akaniambia ati zile mita mia tatu ni za mahali pa wazi. Basi aende akaziuzie uwanja wa mpira.

Idris bado anaitaka hiyo. Inaweza kumwonyesha simu za duka kwenye simu yake ya mfukoni akiwa shambani. Anataka kuniangalia kutoka mbali, hivyo tu.

Ijumaa, 11 Julai

Leo amekuja fundi wa Karatina. Anaitwa Mutua, Mkamba, mpole, anaongea kama maneno yanauzwa. Kwanza ametembea duka zima na simu sikioni bila kuuza chochote. Kisha akasema mtambo ukae mlangoni pa stoo, katikati, na kisanduku kingine cha kusukuma mawimbi kikae upande wa nyuma. Betri moja itabeba mtambo, intaneti na yote stima ikienda. Na ile namba yetu ya zamani, ambayo imeandikwa kwa rangi kwenye mabanda ya ng'ombe nusu ya Kieni, haitabadilika. Laini inaingia kwenye mtambo, simu zote tatu zinalia.

Hapo ndipo nilipomtaka huyu.

Idris na mimi tumegombana mpaka jirani anayeuza viatu akapunguza redio ili asikie vizuri. Nimesema yote. Nimesema yeye anapenda vitu vya Nairobi kwa sababu vinatoka Nairobi. Mwisho akainua mikono. Nimeshinda, na leo nitalala vizuri.

Jumatatu, 14 Julai

Zimefungwa. Nimesimama kati ya magunia nikaongea na Idris na kila neno likafika. Sikutaka Mutua anione nikifurahi, lakini nilifurahi.

Mwisho Mutua akauliza: mnataka ilie tu, au kwanza sauti impokee mtu? Idris akasema ilie tu. Mimi nikasema sauti. Tena ishike mlio wa kwanza. Asije mtu yeyote, awe mwenyekiti awe nani, akasema tena kwamba mimi Mama Salma sishiki simu.

Nimerekodi mwenyewe. Nikatoa ile sauti ya kupokea wageni wa Idi. Karibu kwa Daktari Idris, kwa ng'ombe wa joto bonyeza moja, kwa dawa na chakula bonyeza mbili, tafadhali subiri. Idris akakuna kichwa. "Dada, hawa watu wanataka mtu," akasema. Nikamwambia mtu ndiye huyu. Angeongeza neno ningemrushia sindano.

Jumatano, 16 Julai

Mtambo unaonyesha kila simu iliyoingia. Zote zimeshikwa. Hakuna hata moja iliyopotea! Nimempelekea Idris aone kwa macho yake. Ameangalia, akasema mbona ni fupi fupi hivi. Kila kitu lazima atafute kasoro.

Wanaobonyeza moja ni wachache. Kazi imepungua. Ni hii baridi.

Jumamosi, 19 Julai

Leo daktari wetu ameshinda dukani anasoma maandishi ya nyuma ya mikebe ya dawa. Hakuna aliyemwita, si Wamagana, si Endarasha, si popote. Mchana nimemsikia kwenye chumba cha dawa akiongea na watu wa Nakuru. Anauliza kuhusu nyumba. Ina vyumba vingapi. Maji yapo?

Nimeingia bila kubisha. Nikamwambia wewe umeshaondoka, hata hujangoja kikundi kichague. Nikamwambia ndiyo maana haendi Endarasha kuwasalimia wale kina mama, anataka tushindwe ili aende akiwa safi, lawama zibaki kwangu. Nikamtajia baba. Nikasema baba angemwona leo angefunga duka kwa aibu. Akachukua koti lake akatoka kwenye manyunyu bila mwavuli.

Sijutii. Simu zote zimeshikwa. Mimi upande wangu nimefanya, na zaidi ya hapo anataka nini, nikamkamue ng'ombe mwenyewe?

Jumatatu, 21 Julai

Stima imepotea tangu asubuhi mpaka alasiri. Simu zimesimama imara. Mutua anajua kazi. Huyo wa Nairobi saa hizi tungekuwa gizani naye.

Nilikuwa mlangoni. Pikipiki nyekundu imepita kuelekea juu, ikarudi, ikapita tena. Imebeba ule mtungi wa mbegu. Nimetamani kuirushia jiwe, Mungu anisamehe. Na Idris haniongeleshi ila kwa mambo ya dawa.

Jumanne, 22 Julai

Nataka kuandika hii yote kabla sijalala.

Sokoni nimemwona Mama Wanjugu wa Wamagana. Mteja tangu enzi za baba, mwanamke ambaye hajawahi kunipita bila kunishika mkono. Nikamsalimia. Akaangalia kabichi. Nikamsalimia tena, nikamuuliza kama kuna ubaya. Ndipo akanigeukia.

"Wewe siku hizi unakula kredo ya watu," akasema. "Mimi nimeflashi, wewe unashika. Nikasema sawa, ameshika, wacha niongee. Nikakuambia ng'ombe yangu iko na joto tangu usiku. Wewe unaendelea tu kuongea. Nikakuambia tena. Unaniambia nibonyeze. Kredo ikaisha. Nikasema Mama Salma amekuwa mkubwa, hatusikii tena."

Hapo ndipo nikaelewa.

Kwetu mteja hapigi simu. Anaflashi. Inalia mara moja, anakata, mimi naona namba, namrudia, yaani nampigia mimi, kwa kredo ya duka, hela ya simu isiyo yake. Baba ndiye aliyewazoesha, alikuwa akisema mtu mwenye ng'ombe mgonjwa asilipie kuongea. Kila mtu anajua, mimi najua kuliko wote, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Na mimi mwenyewe nikaweka mtambo unaodaka simu mlio wa kwanza, kabla mtu hajawahi kukata! Simu fupi fupi. Zilikuwa hela zao zinakatwa na watu wanakata tamaa, na mimi kila jioni naziangalia nikifurahi kwamba zimeshikwa.

Ng'ombe wa Mama Wanjugu amepitisha joto. Itabidi angoje wiki tatu. Ameniambia na wenzake wengi wameshahamia kwa yule wa Gatitu. Yeye akiflashiwa anarudia.

Nimerudi, nikajificha nyuma ya kaunta na simu yangu ya mfukoni, nikapiga namba yetu. Ikashika mara moja. Nikasema haloo. Yule mwanamke akaendelea. Nikasema haloo tena kwa nguvu, nikasema nyamaza, na yeye ananiambia karibu, bonyeza, tafadhali subiri, na ile sauti yake ya Idi. Ningempata hapo ningemzaba kofi.

Nimempigia Mutua, sauti imetolewa. Sasa zinalia kama simu yoyote, na aliyekata namba yake inabaki pale. Simu zenyewe hazina kosa. Nimezikagua zote tatu nikitafuta kosa.

Idris sijamwambia.

Alhamisi, 24 Julai

Tangu jana narudia namba zote zilizo kwenye mtambo, moja moja. Wengine wananisikiliza. Wengine wanaona ni namba yetu na hawashiki. Mmoja wa Endarasha ameniuliza kama ni mimi mwenyewe au ni ile nyingine.

Kesho mkutano. Idris ameniuliza kama nitaenda naye. Nimesema nani atabaki dukani. Uongo mtupu. Ningemwachia jirani wa viatu, nimeshamwachia mara nyingi. Naogopa kusimama mbele ya wale kina mama, basi.

Na nimemkasirikia yeye pia, sijui kwa nini. Amesikia simu zinalia tangu juzi. Anajua sauti imetoka. Hajauliza hata neno moja. Angeuliza tu ningemwambia. Au ningemfokea. Lakini angeuliza.

Ijumaa, 25 Julai

Amerudi jioni, matope mpaka magotini. Anasema watapiga kura yeye akiwa hayupo, kisha watatuma habari. Amekula. Amelala.

Nimeshindwa kumuuliza aliwaambia nini.

Jumapili, 27 Julai

Mama Gathoni ameflashi baada ya kanisa lao. Nikarudia.

Wamemchukua yule wa Gatitu. Alisema hakutaka nisikie habari hiyo sokoni. Aliongea kwa heshima, akaniuliza hali ya binti yangu Salma shuleni, nikamjibu. Nikamshukuru. Nilidhani amemaliza.

"Daktari alisimama mbele yetu akasema ni yeye aliweka ile sauti," akasema. "Ati ni yeye alitaka na ulimkataza. Sisi tukanyamaza. Sauti yako tunaijua, Mama Salma. Ni wewe tumekuwa tukiongea na wewe miaka yote."

Alipokata nikaweka simu, nikaenda kumtafuta Idris.

Idris alikuwa nyuma, kwenye mfereji, anaosha buti. Nikamwambia mwenyekiti amepiga, wamechukua wa Gatitu. Akatikisa kichwa polepole na kuendelea na buti. Nikamwambia na ile habari ya sauti. Kwamba wanajua ni mimi. Kwamba walijua wakati anaongea.

"Niliona wanajua," akasema. "Walikuwa wananiangalia tu."

Nikamuuliza sasa kwa nini hakuacha. Akasema alikuwa ameshaanza.

Anaondoka Jumatano. Jioni nimemkunjia mashati ya kwenda nayo Nakuru. Moja halikuwa na kifungo. Nimemshonea.