Nyumba ya Baba Mdogo na Kompyuta Ambayo Sina

Goba, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na baba naye mpe shikamoo yake. Natumaini kifua kimepoa na baridi ya huko haijakurudisha kitandani. Mie mwili mzima, nakula, shule naenda. Ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza, nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, nikarudi. Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu baba mdogo anaweka spika, nyumba nzima inasikiliza. Binti wa shangazi anasafiri kesho kuja huko, ndiye atakuletea.

Mama, zile habari alizokupa baba mdogo, kwamba namchorea nyumba kwa kompyuta mpya ya ajabu, si za kweli. Sina kompyuta hiyo. Sijawahi hata kuiona.

Mwalimu wa fizikia ndiye aliyetufundisha habari za kompyuta za kwantamu. Alisema kompyuta ya kawaida ikitafuta mpangilio bora wa jengo kubwa, nguzo zikae wapi, nondo kiasi gani, kazi ipi itangulie, njia zinakuwa nyingi mno mpaka inaishia kukisia. Hii nyingine inatumia tabia za vitu vidogo kuliko vumbi. Majibu mabovu yanafutana kama mawimbi yakikutana, mazuri yanapata nguvu. Akasema huenda siku moja ikatuonyesha hata saruji inavyoshikana na maji, watu wakatengeneza saruji isiyohitaji moto mkali. Huenda, alisema, bado ni changa. Unanijua, sipendagi kunyoosha mkono. Siku hiyo nilimfuata mwalimu mpaka mlangoni.

Sasa Jumapili moja tukawa na wageni wa kwaya, baba mdogo akaniuliza mbele yao, "Mwanangu, shule inasemaje?" Vitu hivi nimevisoma kwa Kiingereza, nikivitoa kwa Kiswahili mbele za watu vinatoka vichache. Nikasema kuna kompyuta inakuja, ya kupanga majengo.

"Hata hili langu la kule mteremkoni?"

Wote wakanigeukia. Nikainama, nikaangalia sahani.

Mama mdogo akacheka. "Binti akiinama hivyo si ameshakubali? Mie nilivyoposwa niliinama hivyohivyo."

Wageni wakapiga makofi. Unajua sie tulivyolelewa, mama. Hilo neno "hapana" ningelisema saa ngapi?

Kesho yake akasimamisha ujenzi. Ramani alikuwa nayo, na mitaro ya msingi ilikuwa imeshachimbwa. Lakini yeye na mama mdogo walikuwa wanabishana jiko likae upande wa juu wa mteremko au wa chini, basi akaona mashine yangu itawaamua. Akawaambia majirani, akawaambia kanisani, akakupigia na wewe. Mie kila siku nasema kesho nitamwambia. Nikipeleka chai kiwanjani, fundi Saidi, mkubwa wa mafundi, ananipokea kwa heshima ya utani: "Injinia, mashine imesemaje? Maana udongo hausubiri chaji."

Nacheka tu, narudi na birika. Na mawingu kila jioni yanajikusanya.

Juzi ukingo wa mtaro mmoja ulimeguka. Fundi Saidi akamwambia baba mdogo, safari hii bila utani, kwamba kama kazi hakuna yeye anakwenda kujenga Mbagala, na mvua ikiikuta mitaro wazi, msingi utaanza upya. Baba mdogo akajibu, "Subiri kidogo, mtoto anamalizia." Chakula cha usiku sikukigusa.

Jana asubuhi nikamfuata kiwanjani. Nilitaka nimkute peke yake, nikamkuta na mafundi wote.

"Baba mdogo, ile kompyuta sina."

"Iko shule?"

"Haipo. Ziko nchi za nje, nyingi zinatunzwa kwenye baridi kali kuliko ya friji yoyote, na bado zinakosea. Nyumba kama hii haziwezi kuipanga kumshinda aliyekuchorea ramani."

Akaangalia mitaro. "Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri nini?"

Nikainama tena, kama siku ile ya wageni.

"Mie nimewaambia watu," akasema, taratibu. Mama, ni bora angenigombeza.

Fundi Saidi hakucheka. Akavua shati, akawaambia vijana wake wachukue koleo. Wakautoa udongo ulioanguka, wakamwaga zege la chini mpaka giza likawafukuza.

Usiku baba mdogo akaja sebuleni na ramani, akaitandika mezani, karibu na daftari langu.

"Ungekuwa nayo, ungeiuliza nini?"

Nikasema haiulizwi kwanza, inaambiwa. Unaiambia jua linaingilia wapi, unataka kutumia nondo kiasi gani, maji ya mvua kutoka kwa jirani wa juu yanapita wapi. Nilisema mengi, mama, nadhani sijawahi kusema mengi hivyo ndani ya nyumba hii.

"Yanapita wapi?" akauliza.

Sijui, nikamwambia. Yeye pia hakujua. Kiwanja alikinunua kiangazi.

Alfajiri hii mvua ikashuka. Akagonga mlango wangu. "Amka tukaangalie maji." Tumekwenda na mwavuli mmoja, yeye ananyoosha kidole, mie nachomeka vijiti kwenye tope. Zege la jana limeshika, mtaro wa mwisho umejaa matope. Na maji, mama, yanapita palepale mama mdogo anapotaka jiko.

Baba mdogo akaviangalia vile vijiti. "Haya, kamwambie wewe," akasema. "Mie nimebishana naye vya kutosha."

Nisalimie bibi, mwambie ile sweta navaa hata kwenye joto hili. Msalimie kaka na mkewe, na mdogo wangu wa mwisho, asiguse vitabu vyangu. Mama mlezi wangu wa ubatizo naye salamu zake nyingi. Mniombee nipate kuyasomea mambo haya, maana sasa hivi kichwani hakuna kingine.

Mama mdogo amerudi kutoka sokoni, nasikia kandambili zake mlangoni. Acha niende kumwambia kabla sijaanza kuosha vyombo tena.

Mwanao asiyetulia,
Neema