Nilimpa Mchumba Wangu Kumi na Nne kwa Ishirini

Shangazi Janefer, nakusalimu, na naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika kabisa. Nasomea ualimu, na muhula huu tuko na washairi wa enzi ya Ulimbwende, wale Wazungu wa zamani waliolilia milima na maua, na mwalimu ametujaza istilahi mpaka siwezi kusikia hata tangazo la redio bila kutafuta tashihisi, sasa mchumba wangu Kipchirchir, ambaye tangu tumzike mamake mwaka jana haongei sana, akaniletea shairi alilotunga mwenyewe, linasema michai ya upande wa mama inamngoja, imeinuka mpaka kifuani ikimtafuta, na kila ubeti unaishia na neno "bado", nami kwa furaha nikachukua kalamu nyekundu nikaandika hapa tashihisi, hapa chuku, hapa takriri imezidi, punguza, nikampa kumi na nne kwa ishirini, na hizo ni alama nzuri, Shangazi, mimi mwenyewe sijawahi kuzipata. Alikunja karatasi akasema, "Asante, mwalimu." Tangu hapo simu hashiki. Nilikosea istilahi gani?

Winny, Boito

Winny, ati istilahi gani! Ulikosea moja tu, chuku. Mimi nimezaliwa Kimulot kwenye chai. Kwetu wawili huchuma wakikabiliana, kila mtu upande wake wa mstari wa michai, na mdomo haunyamazi mpaka kikapu kijae. Mchai ukiachwa miezi hiyo yote hufika kifuani kweli. Huyo kijana anachuma upande wake peke yake, wa mama ameuacha. Alikwambia waziwazi, wewe ukamsahihisha.

Pole, najua hukutaka kumuumiza. Na sikukatazi kusoma, mama. Jina la mbinu linakusaidia kuona kitu kimefanywa, lakini ukishasema "takriri" hujauliza kwa nini mtu anarudia neno. Hao washairi wako walilegeza kanuni ili hisia ipite, nawe ukaisimamisha barabarani kama askari wa trafiki.

Sasa fanya hivi. Jumamosi asubuhi vaa gambuti, uende kwao na kikapu, kalamu uiache nyumbani. Omba msamaha kwa ufupi. Mwombe akusomee shairi lote, na kila ukisikia "bado", nyamaza. Akimaliza, mwulize mamake alikuwa anapenda kuongea nini wakichuma. Halafu simama upande ule wa mama, na usiguse jani hata moja mpaka yeye mwenyewe akwambie, "Chuma."