Bwawa Letu Kuwekwa Kwenye Daraja la Hatari

Mjukuu wangu Kalisto,

Marahaba. Hapa Chala hatujambo, goti tu linanisumbua. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Umeniandikia kwa ukali eti kwa nini nimekubali bwawa letu la kumwagilia liwekwe kwenye daraja la hatari kubwa, wakati ukingo wake hauna hata ufa. Nani kakudanganya kwamba watu wa maji wanapima ukingo peke yake?

Nilipoolewa, baba mkwe alikuwa na bwawa la udongo hapo hapo lilipo hili letu. Mwaka mmoja mvua zilizidi, maji yakapita juu ya ukingo, ukakatika mchana kweupe. Sisi tulikuwa mlimani tunafukia majani kwenye matuta. Mama mkwe akapiga kelele, "Nyie wasichana, leteni vikapu!" Tukashuka bondeni kuokota kambale, tunacheka kama wehu. Hakuna aliyelia, maana huko chini hakuishi mtu.

Sasa huyu mtaalamu wa maji alipomaliza kukagua ukingo, aliniuliza, "Bibi, huku chini wanalala akina nani?" Nikamwonyesha nyumba ya dada yako na za majirani zake. Wala hakunieleza zaidi, nikaelewa.

Wewe unatetea sifa ya bwawa. Mimi nimeshafungulia maji, limebaki nusu mpaka ukingo uimarishwe. Kabichi zitakauka mwaka huu, na zikauke. Ukija likizo utakula maharage, na usininunie.

Bibi yako